Nini Kioteshwe Kati ya Mawe ya Uani?

SWALI: Ndugu mwandishi wa safu ya bustani, salaam. Mimi ni mwalimu mstaafu, nimejenga Shangani, Mtwara, umbali wa kama mita 300 kutoka ufukweni. Mwaka huu nilimpa fundi kazi ya kutandaza mabamba ya zege kutoka getini hadi barazani, kila bamba sentimita 45 kwa 45, na kati ya bamba na bamba akaacha mwanya wa sentimita 4. Mchanga aliojaza unahama na kila anayepita, mvua moja tu imeuchimba mifereji, na sasa ndago zimeanza kuchomoza. Fundi anasema tumwage saruji mambo yaishe. Mjukuu wangu ametuonyesha katika simu picha za njia za mawe zilizojaa mmea uitwao thaimu, wenye maua ya zambarau, na mke wangu ameupenda sana. Majirani nao wanasema majani yakiota uani huleta nyoka. Je, thaimu itaota huku kwetu, na kama haitaota, tuoteshe nini kinachoweza kukanyagwa? Maji yetu ya kisima yana chumvichumvi.
Mwalimu mstaafu, Shangani, Mtwara

JIBU: Shikamoo, Mwalimu. Nianze na saruji, maana fundi akishaichanganya hakuna mjadala tena. Mianya ile si kasoro ya kazi yake. Ndiyo inayoyapa maji ya masika pa kuzamia, na ndiyo inayoyapa mabamba nafasi ya kutanuka jua linapoyachoma mchana na kusinyaa usiku. Ukiiziba yote utakuwa umejenga sakafu moja ndefu isiyo na kiungo, ambayo itajichagulia yenyewe mahali pa kupasukia, na maji yote yatakayoanguka juu yake yatafuata mteremko, ambao kwa nyumba nyingi huishia barazani. Ama habari ya nyoka, mmea wenye kimo cha sentimita 3 haumfichi nyoka. Kinachomwalika ni panya, na panya hualikwa na rundo la matofali yaliyobaki, kuni za zamani na makumbi ya nazi yaliyosahauliwa nyuma ya jiko. Hayo ndiyo ya kuondoa.

Kuhusu thaimu, sina habari njema kwa mama. Asili yake ni Ulaya na nchi zinazoizunguka bahari ya Mediterania, mahali penye mawe, udongo mkavu na hewa isiyo na unyevu mwingi wakati wa joto. Kwetu joto na unyevu huja pamoja: kuanzia Desemba hadi Aprili mvua inanyesha, jua linawaka, na usiku wenyewe haupoi. Mmea ule hauzoei kulala na majani mabichi katika joto. Niliwahi kununua miche sita, ikafika ikinukia gari zima, ikakaa Novemba yote bila ubaya, na kufikia katikati ya Januari ilikuwa imegeuka myeusi kuanzia chini, mmoja baada ya mwingine, hata nisiwe na cha kuokoa. Picha za kwenye simu huonyesha mmea na mawe, lakini hazionyeshi hewa ya mahali pale, na mara nyingi hewa ndiyo inayoamua.

Kwa hiyo tutafute mmea kwa kuanzia uani kwako. Njia moja ya kutoka getini hadi barazani huwa na mahali tofauti ndani yake: pale katikati ambapo nyayo hupita kila siku, pale pembeni ambapo hapakanyagwi isipokuwa na watoto wanaofukuzana, na pale mwisho, chini ya ukingo wa paa, ambapo maji ya bati hudondoka kwa nguvu na kuchimba. Kuchagua mmea mmoja wa njia nzima ndiko kunakofanya nusu ya njia ikae na upara. Hesabu kwanza saa za jua kila mahali, hesabu nyayo, kisha ukumbuke chumvi, ambayo kwako inatoka pande mbili, yaani kisimani na baharini, hasa pepo za kusi zinapovuma kuanzia Aprili hadi Septemba.

Kabla ya kwenda kitaluni, chukua kipande cha nondo ya milimita 12 ukichomeke kwa mkono katika mianya ipatayo kumi, ukianzia getini. Ikizama sentimita 15 bila kushindana nawe, chini kuna mchanga na mizizi itapita. Ikigonga kitu na kutoa mlio baada ya sentimita 4 au 5, basi fundi alishindilia kifusi au alikalisha mabamba juu ya chokaa ya saruji iliyomwagika hadi kwenye mwanya, na mmea wowote utakaoweka hapo utakuwa kama uliooteshwa kwenye kisahani. Mahali pa namna hiyo pavunjwe kwa ncha ya mtaimbo, taratibu, bila kuegemea ukingo wa bamba. Kisha mimina maji kikombe kimoja. Kama baada ya nusu saa bado yametuama, endelea kuvunja.

Halafu kuna ndago, na hapa ninakuomba subira kuliko mahali pengine popote katika barua hii. Ukilivuta jani la ndago, shina hukatika kwa ulaini unaokufurahisha, lakini kidundu cheusi chenye ukubwa wa punje ya karanga kinabaki chini, na vidundu hivyo vimeunganishwa na nyuzi kama shanga, hivyo kilichobaki huchipua upya baada ya siku chache. Ukiotesha mmea mzuri juu yake, ndago zitapenya katikati yake na hutaweza tena kuzichimba bila kuuharibu. Komba udongo wa mwanya wote hadi sentimita 15 kwa kijiko cha fundi au kisu kikuukuu, upepete vidundu uvitoe, mwagia maji, kisha usioteshe kitu kwa wiki tatu. Zitakazochomoza, zichimbe tena. Ni kazi ya kukalia kigoda, si ya kuinama, na wajukuu wakilipwa kwa hesabu ya vidundu huifanya vizuri kuliko kibarua.

Udongo wa kurudishia uwe mchanga wa mtoni sehemu mbili, udongo mwekundu wa shambani sehemu moja na mboji iliyoiva sehemu moja. Usichote mchanga wa ufukweni. Una chumvi na vipande vya magamba, na ufukwe wenyewe unauhitaji kuliko sisi. Samadi ya kuku nayo iache, kwa kuwa ina chumvichumvi na wewe unayo ya kutosha. Jaza hadi ibaki sentimita 1 kufikia uso wa bamba, wala usisawazishe. Sentimita hiyo moja ndiyo siri ya mmea unaokanyagwa: mwanya wa sentimita 4 ni mwembamba kuliko unyayo, hivyo mtu akikanyaga uzito wake hubebwa na kingo za mabamba mawili, na kitovu cha mmea, pale majani yanapochipukia, kinakaa salama chini ya uso wa zege. Ukijaza udongo hadi juu, kiatu kinakutana na kitovu, na hakuna mmea utakaokusamehe.

Sasa mimea yenyewe. Kwa katikati ya njia yako ningechagua nyasi iitwayo zoisia, ya majani membamba, ile ambayo ukiilalia kiganja unasikia kama brashi. Inastahimili jua, nyayo na chumvi, na haihitaji kukatwa zaidi ya mara mbili au tatu kwa mwaka, kazi ambayo mkasi wa kawaida unaitosha. Kasoro yake ni uvivu: itachukua mwaka mzima au zaidi kufunga mianya, na katika muda huo lazima ung'oe magugu kwa mkono. Watu wengi hukata tamaa mwezi wa tano tangu kuotesha na kuweka ukoka. Ukoka ni wa bure, utaupata popote, na hufunga mwanya kwa miezi michache; lakini una mashina yanayopita chini na mengine yanayotambaa juu, na hautaheshimu mwanya. Utapanda juu ya bamba, utaingia katika mboga za mama, na siku utakapotaka kuuondoa utakumbuka maneno haya. Kama una nafasi ya kuukata kila wiki mbili wakati wa masika, ni mmea mzuri. Kama huna, uache uwanja wa mpira.

Kwa pembeni, nina mmea ambao huenda umekwisha kuuona bila kuujali, kwa kuwa huota wenyewe katika pwani za nchi nyingi za joto. Wataalamu huuita Phyla nodiflora. Hutambaa ukishika ardhi kwa kila kifundo, majani yake ni madogo yenye meno kwenye ncha, na maua yake hukusanyika katika kichwa chenye ukubwa wa kichwa cha njiti ya kiberiti, zambarau hafifu ukingoni na nyeusinyeusi katikati. Chumvi haiuumizi sana, kiangazi huuchosha lakini hakiui kisiki chake, na hustahimili kukanyagwa kwa kadiri. Kwa njia hii mama atapata zambarau yake. Angalizo ni kwamba nyuki huyapenda maua hayo, kwa hiyo usiuweke pale ambapo watoto hupita pekupeku. Ukiukata ukiwa umechanua, unatulia kwa muda bila maua.

Upo na mwingine mdogo zaidi, Desmodium triflorum, wenye majani matatu matatu kama ya maharage yaliyopungua hadi kila jani likawa na urefu usiozidi sentimita moja. Ni jamii ya kunde, na kama kunde nyingine mizizi yake hufuga bakteria wanaonasa naitrojeni ya hewani, ndiyo sababu hukaa kijani mahali ambapo nyasi zimepauka kwa njaa. Chungulia kwenye nyasi fupi za uwanja wowote wa zamani wa shule, hasa pale wanafunzi wanapopita kila siku. Ukiona zulia jembamba lenye viua vya rangi ya waridi vidogo kuliko punje ya mchele, ndiyo wenyewe. Utaupata bila fedha. Vitumba vyake vikikauka hung'ang'ania soksi, lakini hiyo si kasoro ya kuukosesha kazi.

Pale ambapo kisima hudondokea, au ambapo unaona ukoko mweupe wa chumvi kingoni mwa bamba, weka Sesuvium portulacastrum, ule mmea wa ufukweni wenye majani manene yaliyojaa maji, mashina mekundu na viua vya zambarau vyenye umbo la nyota. Huota mahali ambapo mawimbi makubwa hufika, kwa hiyo maji ya kisima chako kwake ni kinywaji. Usiuweke katikati ya njia, kwani ukikanyagwa hutoa maji na bamba huteleza.

Mimea miwili uikatae hata ukipewa bure. Wa kwanza ni ule wenye maua ya manjano kama alizeti ndogo na majani ya kung'aa, unaouzwa kwa jina la wedelia, Sphagneticola trilobata kwa jina la kitaalamu. Umewekwa katika orodha ya viumbe vamizi 100 vinavyohesabiwa kuwa vibaya kuliko vyote duniani, na kimo chake kinapita goti ukipata maji. Wa pili ni mbigili. Hakuna anayeiotesha kwa makusudi, ila ikichipua hulala chini vizuri, ina majani kama ya mkwaju na viua vya manjano, na wenye nyumba wengi huiacha wakidhani wamebahatika. Siku ya kujuta ni siku mtoto anapolia na mwiba wa pembe umesimama kisiginoni.

Kuotesha subiri mvua mbili nzuri za mwisho wa Novemba au Desemba. Kata vipande vya zoisia kwa kisu, kila kimoja kikiwa na mizizi na upana wa vidole viwili, uvipange kila baada ya sentimita 15, kisha uvibane kwa dole gumba mpaka majani yawe sawa na uso wa bamba na mizizi isibaki ikining'inia hewani. Wiki nne za kwanza tumia maji ya mvua au ya bomba, kwa kuwa mche mchanga hauna nguvu ya kupambana na chumvi hata kama mama yake anayo. Baadaye, kiangazi kikiingia, maji ya kisima yanafaa, mradi unywesheze kwa kina mara moja kwa siku kadhaa. Kunyunyiza kidogo kidogo kila jioni huacha chumvi juu, maji yanapokauka.

Nisisahau ufagio. Desturi yetu ya kufagia uwanja alfajiri kwa fagio la chelewa ni nzuri na sitaki kuipinga, ila njukuti zile ngumu huingia katika mwanya kama reki, zikakomba udongo na kung'oa mche siku ya tatu baada ya kuoteshwa. Niliwahi kulaumu kuku wa jirani kwa wiki mbili, kumbe aliyekuwa akinifukulia ni mimi mwenyewe. Kwa miezi mitatu fagia njia kwa ufagio laini wa ndani, ukivuta takataka kwa kufuata mianya badala ya kuikata.

Na kama baada ya miezi kadhaa majani yatakuwa ya manjano huku mishipa ikibaki kijani, chanzo ni chokaa. Miamba ya matumbawe iliyo chini ya maeneo mengi ya pwani yetu, pamoja na saruji iliyodondoka wakati wa kazi, hufanya mizizi ishindwe kuchukua madini ya chuma hata yakiwapo. Najua mikoa yetu ni ya korosho na kila nyumba ina salfa iliyobaki, na ni kweli salfa hupunguza nguvu ya chokaa udongoni. Lakini juu ya matumbawe utaimwaga mifuko na mifuko kabla ya kuona tofauti. Ongeza mboji kila mwaka, na tafuta dukani mbolea ya majani yenye madini ya chuma.

SWALI: Nina mawe bapa chini ya mwembe mkubwa, karibu na bomba, hapa Mitwero, Lindi. Jua haliingii mpaka alasiri. Ukoka umekufa mara mbili, na mawe yameshika utando wa kijani unaoteleza. Bibi yetu nusura aanguke. Nioteshe nini?
Msomaji, Lindi

JIBU: Pole kwa bibi, na kwa ajili yake tuanze na utando. Huo hautaondolewa na mmea wowote. Sugua mawe kwa mchanga na brashi ngumu, kisha ugeuze maji ya bomba yaelekee kwenye migomba au shimo la kokoto, maana utando hufuata unyevu usiokauka. Ukoka haukufa kwa uzembe wako. Ni mmea wa jua kamili, na chini ya mwembe utakufa hata mara ya tatu.

Mahali pa kivuli pasipokanyagwa sana otesha mmea uitwao mondo fupi, ambao huonekana kama nyasi za kijani kibichi sana zilizofungwa vishada, ingawa si nyasi kwa asili. Hukua polepole mno, kwa hiyo nunua vishada vikubwa uvigawe kwa mikono, kila kimoja kiwe na mizizi yake, uvipange karibu karibu. Jirani na bomba, palipo na unyevu, Centella asiatica yenye majani ya mviringo kama sarafu itakaa vizuri. Majani ya mwembe yaokotwe kila siku mbili tatu, kwa sababu jani moja likilala juu ya mche wiki nzima, chini yake hubaki udongo mtupu. Na usidanganywe na kivuli wakati wa kiangazi: mwembe una mizizi mingi juu juu na utakunywa maji yote kabla ya miche yako, hivyo mwagilia hata kama ardhi inaonekana baridi.

SWALI: Hapa Newala kiangazi maji tunanunua kwa ndoo. Upo mmea wa kujaza mianya ya mawe usiohitaji kumwagiliwa kuanzia Juni hadi Novemba?
Msomaji, Newala

JIBU: Wa kubaki kijani miezi yote hiyo bila tone, juu ya mchanga wenu wa kina kirefu, haupo, na atakayedai anao asikuuzie. Ipo inayokufa juu na kuamka mvua zikirudi. Ukoka ndio hodari kuliko yote, na Desmodium niliyomweleza Mwalimu hufuatia. Kama rangi ya kahawia ya Septemba haikukeri, otesha Desemba mvua zikishika, na maji ya ndoo yabaki ya jikoni.

Ningekuwa mimi, mianya ya katikati ya njia ningeijaza kokoto ndogo zilizochekechwa, ambazo huruhusu maji kuzama na hazidai kitu, kisha pembeni tu ningeweka potulaka yenye maua ya rangi. Ni ndugu wa lile gugu la mashambani lenye majani manene ambalo wengine huliita tako la hasani, na kama nduguye huweka akiba ya maji ndani ya majani. Maua yake hufunguka jua likiwa kali na kujifunga mapema alasiri, kwa hiyo usipige hodi jioni kuyatazama. Miche huna haja ya kununua: omba kwa jirani matawi yenye urefu wa kidole, yaache kivulini siku moja ili kidonda kikauke, uyachomeke mwanyani bila kuyafunika majani, na mvua ya Desemba itafanya kazi iliyobaki. Yatakapokauka Agosti usiyang'oe kwa haraka. Yakung'ute kwanza juu ya mwanya, kwa kuwa mbegu zake, ndogo kama unga wa baruti, ndizo zitakazochipua msimu ujao.